Safari ya Kichupa cha Dawa, Kutoka Mwanza Hata Ukara



Watu wengi wa bara wakisikia jina la Ukerewe hudhani ni kijiji cha wavuvi tu, mahali pa sangara na dagaa. Sivyo. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria, na wilaya yake ina visiwa vingi, vikubwa kwa vidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 345,000. Nchi ni ya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono, na katikati ya mawe hayo yamo mashamba ya mihogo, viazi vitamu, mpunga na michungwa. Mji wake mkubwa ni Nansio. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mlango wa maji, kipo kisiwa cha Ukara, kidogo kwa eneo lakini chenye watu wengi mno. Watu hao tangu zamani wamesifiwa kwa ukulima wao, maana hutia samadi mashambani na hawaachi hata kipande cha ardhi kikae bure.

Ukerewe ndiyo nchi ya Aniceti Kitereza, aliyesomeshwa na misheni, akaandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, nacho ni habari za mume na mke waliotamani mtoto, na taabu waliyoipata kwa kutafuta dawa. Tamaa ile ya kupata mtoto haikubadilika visiwani hata leo. Walakini mimi nataka kuwaeleza habari ya dawa nyingine, isiyo ya kupata mimba, bali ya kumlinda mama saa ile mtoto anapozaliwa. Nataka kuwaonyesha safari yake, maana katika safari hiyo ndimo uhai wa wake zetu na binti zetu unamopatikana au kupotea.

Dawa yenyewe huitwa oksitosini. Hutiwa katika kichupa cha kioo kisichopita urefu wa kidole, na mkunga humpiga mama sindano yake mara mtoto akiisha kuzaliwa. Kazi yake ni kuufanya mji wa mimba ukaze. Mahali pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika, mishipa ya damu hubaki wazi kama jeraha, na hufungwa kwa kukaza kwa mji wa mimba. Usipokaza, damu hutoka bila kukoma. Wakunga hufundishwa ya kuwa damu ikifika nusu lita, mama amekwisha kuingia katika hatari; na mwanamke aliyekuwa mzima asubuhi aweza kufa kabla ya jioni. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2023 walikufa wanawake 260,000 hivi kwa sababu ya mimba na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku. Katika kila 100 wao, zaidi ya 90 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo. Na katika sababu za vifo hivyo, kutoka damu ndiko kunakowaua wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Basi, dawa ya kuzuia jambo hilo ipo, tena bei yake si kubwa. Lakini ina adui mmoja, naye ni joto. Yapasa ikae katika baridi ya digrii 2 mpaka 8 tangu kiwandani hata mkononi mwa mkunga. Ikiachwa juani huanza kupungua nguvu, na ubaya wake ni kwamba haibadiliki rangi wala harufu. Mkunga huipiga akidhani ni dawa, kumbe anapiga maji. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya idadi ya watu, walitoa tamko moja kwamba dawa hii itunzwe kwa baridi pote njiani, na ya kuwa yaweza kuwekwa katika majokofu yale yale ya chanjo.

Katika Tanzania kazi ya kununua na kusambaza dawa za serikali ni ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, nayo ina maghala katika kanda, na Mwanza ni mojawapo. Kila zahanati huhesabu dawa ilizotumia na zilizobaki, kisha huandika maombi yake. Maombi hayo hupita wilayani, hufika bohari, na magari hupakia. Ukiyasikia hivi waona ni jambo jepesi. Lakini gari la Mwanza laweza kufika ukingo wa ziwa tu. Mbele yake ni maji.

Nalisafiri njia hiyo kwa kazi ya kanisa letu, katika meli iendayo Nansio. Mwendo wake ni wa saa tatu na zaidi. Tulikuwa watu wengi, na magunia, na matenga ya kuku, na magodoro. Karibu nami aliketi kijana mmoja wa idara ya afya, amepakata kisanduku cha baridi cha rangi ya buluu. Jua lilipozunguka likaja upande wetu, aliondoka akakihamisha kisanduku chake kivulini. Na baharia alipotaka kukiweka karibu na chumba cha injini, alikataa kwa upole. Nalimwuliza, "Mwanangu, una nini humo hata ukakitunza kama yai?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, humu mna chanjo na dawa ya wazazi. Barafu yangu yatosha mpaka jioni. Meli ikichelewa, nimechelewa mimi na barafu pia."

Neno lile lilinikaa moyoni. Sisi tukichelewa safarini twalalamika kwa ajili ya njaa na usingizi, lakini dawa haina kinywa cha kulalamika. Huharibika kimya.

Toka Nansio hata Ukara kuna safari nyingine, ya barabara mpaka Bugolora, kisha kivuko mpaka Bwisya. Msomaji atakumbuka msiba wa mlango ule. Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilijaa watu na mizigo kupita kipimo chake, kikapinduka karibu sana na gati la Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Nchi nzima ililia, na michango ya rambirambi ikatoka kila mahali. Fedha zilizosalia baada ya mazishi na kuwahudumia wafiwa zikaelekezwa kukiongeza na kukijenga kituo cha afya cha Bwisya. Hivyo msiba ule uliacha kisiwani, pamoja na makaburi, mahali pa kutibiwa. Nalipoyafikiri hayo naliona jambo moja: maji yale yaliyowazamisha watu mchana mmele, mbele ya macho ya wote, ndiyo yale yale ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiwazuia wazazi usiku, mmoja mmoja, pasipo mtu kuandika gazetini.

Katika kisiwa kimoja, nisichokitaja jina, nalimtembelea mama mkunga wa zahanati, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Baada ya salamu na chai alinionyesha daftari lake la dawa. Limepigwa mistari vizuri, kila dawa na safu yake. Katika safu ya oksitosini naliona sifuri, tena sifuri, kwa majuma matatu. Nalimwuliza sababu. Akajibu, "Mwalimu, hesabu yetu ilikuwa sahihi, lakini watu hawakukaa kama hesabu. Mwezi ule dagaa walikuwa wengi upande huu. Wavuvi wakahama kutoka kambi nyingine, wakaja na wake zao. Waliojifungua hapa walikuwa karibu mara mbili ya waliotazamiwa. Dawa ikaisha, na gari bado."

Akanieleza habari ya mwanamke mmoja aliyejifungua katika majuma yale, usiku, nao upepo wa ziwa umekwisha kuamka. Mtoto alitoka salama, na kondo likatoka. Kisha damu haikukoma. Mwenye mtumbwi wa injini aliogopa mawimbi, na hapana aliyeweza kumlaumu. Mkunga alimsugua mama tumbo kama alivyofundishwa, akamwambia mumewe amnyonyeshe mtoto kwa mama bila kukawia, akafungua kabati akatafuta. Akaona vidonge vya misoprostoli, ambavyo navyo hukaza mji wa mimba, wala haviogopi joto kama ile dawa ya sindano. Damu ikapungua. Alfajiri upepo ulipotulia wakamvusha, naye yu hai pamoja na mtoto.

Nalitaka kumsifu yule mama mkunga, lakini alinikatiza. "Mwalimu, ukiandika, usiandike kwamba tulimwokoa kwa ujuzi. Andika kwamba kabatini vilikuwa vimebaki vidonge vinne."

Ndugu zangu, lifikirini neno hilo. Ujuzi alikuwa nao, na moyo alikuwa nao. Lakini uhai wa mtu haufai kutegemea kilichosahauliwa kabatini. Dawa iliyo Mwanza si dawa kwa mama aliye kisiwani. Ni mali tu iliyo ghalani. Huwa dawa saa ile inapofika mkononi mwa mkunga, ingali na nguvu zake, kabla damu haijaisha.

Haifai kudhani ya kuwa hakuna juhudi inayofanywa. Upungufu kama ule wa zahanati ile umetafutiwa njia. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu uitwao Jazia: zahanati ikikosa kitu ambacho bohari haina, hukinunua kwa mwuzaji mmoja aliyechaguliwa na kukaguliwa kwa ajili ya mkoa mzima, badala ya kila kituo kuhangaika madukani. Mwaka 2018 utaratibu huo ulienezwa katika mikoa mingine. Jina lenyewe laeleza kazi yake: kujaza palipopungua.

Kadhalika maji ya Ukerewe yamejaribiwa kuvukwa kwa njia ya angani. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilirushwa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe ikibeba dawa. Ilikwenda kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Na njia ya kuzunguka nchi kavu ni kilomita 240, mwendo wa saa 6. Yalikuwa majaribio tu, hayakuwa kazi ya kila siku. Lakini majirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2016 kupeleka damu ya kuongezea wagonjwa kwa ndege za namna hiyo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa damu ilifika hospitali upesi kuliko kwa gari, tena chupa zilizoharibika kwa kupitwa na muda zilipungua kwa theluthi mbili. Kwa mama aliyetokwa na damu nyingi, dakika hizo ndizo maisha yake.

Wenye elimu ya dawa nao wamelitazama joto lenyewe. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, kuilinganisha oksitosini na dawa nyingine iitwayo kabetosini, iliyotengenezwa kwa namna ya kustahimili joto. Ilionekana kwamba katika kuzuia damu haikupungukiwa na ile ya zamani. Na mwaka 2017 uchunguzi mwingine, wa wanawake 20,000 katika nchi 21, ulionyesha ya kuwa dawa ya asidi ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mama kujifungua, hupunguza vifo vya kutoka damu karibu theluthi moja. Saa 3! Nalizikumbuka saa zetu za melini toka Mwanza hata Nansio. Dawa hiyo ikiwa ng'ambo wakati damu inapoanza, saa zake zitaisha ingali njiani.

Hata kupima tu kuna faida kubwa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga waliwekewa chini ya mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani, isikisiwe kwa macho. Ikifika kiasi cha hatari, walifanya matibabu yote kwa pamoja mara ile, bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu la pili. Madhara makubwa ya kutoka damu yakapungua kwa 60 katika kila 100. Lakini angalieni: matibabu hayo yote kwa pamoja yahitaji dawa zote ziwepo chumbani pamoja. Mfuko wa kupimia huonyesha hatari. Hauwezi kutoa dawa isiyokuwapo.

Habari ya usafiri wa wazazi nayo imesogea mbele. Ng'ambo ya Mwanza upande wa magharibi, katika Sengerema, ulijaribiwa mpango uitwao m-mama: mtu hupiga simu 115 bila malipo, mhudumu huuliza hali ya mgonjwa, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa safari hiyo. Mwaka 2022 mpango huo ulizinduliwa kuwa wa taifa zima. Na watu wa Sengerema waliokuwa wakingoja kivuko ili kufika Mwanza, iliko hospitali ya rufaa ya Bugando, sasa wana daraja la Kigongo mpaka Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa Juni, 2025.

Matunda ya kazi hizo zote yaonekana katika hesabu. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa miaka 2015 na 2016 ulikuta vifo vya wazazi 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 104. Ni maendeleo makubwa, na yafaa tushukuru. Walakini wale waliosalia katika hesabu ya 104 hawakutapakaa sawasawa nchini. Kwa mama wa mjini hospitali i karibu; kwa mama wa kisiwani, maji yapo pale pale.

Sasa, wasomaji, mtasema, "Mambo ya bohari na meli ni ya serikali, sisi wa nyumbani tutafanya nini?" Wataalamu tangu mwaka 1994 wamefundisha ya kuwa mzazi hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: nyumbani kwa kukawia kukata shauri, njiani kwa kukosa chombo, na hospitali kwa kukosa dawa au mtu wa kutibu. Tazameni, kuchelewa kwa kwanza ni kwetu wenyewe kabisa. Ninyi waume, msingoje mpaka baba mkubwa arudi shambani ndipo mkate shauri. Semeni mapema, mimba ingali changa: tutajifungulia wapi, chombo cha nani, fedha zi wapi, nani atatoa damu ikihitajika. Kwa watu wa visiwani na wa mbali, mama akikaribia siku zake na ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo. Na damu nyingi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, uso kuvimba, kifafa, au homa kali, hizo si habari za kungoja asubuhi.

Kwa kuchelewa kwa pili, waalimu andikeni namba 115 ukutani mwa darasa, watoto waijue kama wajuavyo hesabu ya mbili mara mbili. Na kila kijiji cha pwani ya ziwa kikubaliane na mwenye injini mmoja au wawili, petroli iwekwe akiba, ili usiku wa hatari usianze kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Na kwa kuchelewa kwa tatu, iko kamati ya kila zahanati, ambayo wanakijiji hukaa ndani yake. Wengi wetu twachaguliwa, twahudhuria, twanywa soda, twarudi nyumbani. Mkutano ujao ombeni daftari la dawa mlitazame. Ulizeni: oksitosini imebaki vichupa vingapi? Jokofu lina baridi, na nani hutazama kipimo chake asubuhi na jioni? Wavuvi wakija kwa dagaa, hesabu itaongezwa au tutangoja iishe? Msiulize kwa kumshtaki mkunga, kwani yeye hukesha peke yake. Ulizeni ili awe na wenzake wa kumsemea wilayani. Yule mama mkunga aliniambia ya kuwa katika miaka yake yote, watu waliowahi kuomba kulitazama daftari lile walikuwa wakaguzi tu. Mtu wa kijiji hakuna.

Lisomeni daftari hilo, ndugu zangu. Limeandikwa kwa Kiswahili na tarakimu, nanyi mmefundishwa kusoma.